Kipanya kinachoruka: shajara ya wiki tatu dukani Kondele

Alhamisi, 6 Machi 2025, saa nne usiku

Kipanya cha kompyuta kimeruka tena. Nilikuwa nimeshika picha ya marehemu, naiburuta kutoka ukingoni mwa ukurasa kuileta katikati ya jalada la kijitabu cha mazishi. Nusu ya safari mshale ukaganda, ukakaa kimya kama sekunde mbili, kisha ukaibukia pembe nyingine ya skrini. Picha ikaanguka juu ya maandishi. Nikafuta, nikaanza upya, ikaanguka tena. Mara ya tatu ikakubali. Mteja alikuwa ameketi kando yangu kwenye benchi, mzee mtaratibu kutoka Nyakach. Hakusema neno, lakini nilimwona akiangalia saa.

Hii ni mara ya nne tangu Januari kipanya hiki kunikwamisha katikati ya kazi ya watu. Kila mara nimekitikisa, nimekizima, nimekiwasha, kimerudi, nami nimesahau. Kuanzia leo naandika.

Sababu yenyewe ni Ijumaa iliyopita, tarehe 28 Februari. Duka langu liko Kondele, Kisumu, mwendo mfupi kutoka hospitali ya Jaramogi ambayo wengi hapa bado huiita Russia, na sehemu kubwa ya kazi yangu ni vijitabu vya mazishi. Familia hutoka mochari zikaja hapa na picha kwenye simu na wasifu ulioandikwa kwa mkono. Mazishi mengi huku kwetu ni Ijumaa na Jumamosi, kwa hiyo Jumatano na Alhamisi silali mapema. Ijumaa hiyo nilikabidhi nakala 150. Kumbe usiku wake, nikiburuta picha ya familia, kipanya kilikata na picha ikatua juu ya mstari wa mwisho wa orodha ya watoto. Ilikuwa saa saba usiku, sikuona.

Aliyeona ni kitinda mimba mwenyewe, msichana wa kama miaka 10 aliyekuja na shangazi zake kuchukua mzigo. Alifungua ukurasa wa tatu, akaweka kidole juu ya jina la kaka yake mkubwa, akateremka nacho jina kwa jina. Kidole kikafika kwenye picha, kikasimama. Akageuza ukurasa kuangalia kama jina lake liko upande wa pili.

Sikungoja mtu aniambie. Nilichapisha upya karatasi ya ndani ya nakala zote 150 kwa gharama yangu, gari la kwenda nyumbani likinguruma nje. Lakini ule mkono mdogo ukigeuza karatasi bado ninao machoni.

Sasa vyombo vilivyo mezani, nisije nikavisahau. Laptopu ya Windows 10 yenye matundu matatu ya USB. Mawili yako kushoto, yamepakana, ulimi wake wa ndani ni wa buluu. Moja liko kulia, ulimi mweusi. Kushoto, tundu la kwanza lina kipokezi cha kipanya, kile kidude kidogo kama ukucha wa kidole gumba. La pili lina diski ya nje ya terabaiti 1, ambayo ndiyo ghala langu la picha na kazi zote za nyuma. Kulia kuna waya wa printa. Kipanya ni cha kawaida kisicho na waya, kinatumia jiwe moja la betri la AA, na tumboni kina taa nyekundu. Meza imefunikwa kioo, chini ya kioo nimepanga sampuli za majalada. Ruta ya intaneti iko kwenye rafu, juu ya kichwa changu.

Ijumaa, 7 Machi

Siku ya kukabidhi, sina nafasi. Nimebadilisha jiwe la kipanya tu. Asubuhi kilikwenda vizuri, nikadhani nimepona. Saa sita mchana kikaganda tena.

Fundi wa simu wa kibanda cha jirani amenipimia mawe yote mawili kwa mita yake. La zamani linasoma volti 1.31, jipya 1.58. "Dada, hata hili la zamani bado lina kazi," ameniambia. Jiwe la namna hii huanza karibu na volti 1.6 na kushuka polepole, na kipanya hakihitaji zote. Basi nilikuwa natupa mawe mazima tangu Januari.

Jumamosi, 8 Machi

Mchana duka limetulia, nimeshughulika na meza.

Taa ile nyekundu ya tumboni ina kamera ndogo kando yake. Kamera hupiga picha za meza mara nyingi mno kila sekunde, zaidi ya mara 1,000, na kipanya hulinganisha picha moja na iliyotangulia ili kijue kimesogea upande gani. Kinategemea mikwaruzo na vinyweleo vya meza. Kioo hakina hivyo. Mwanga unapenya, unarudi umepotoka, na kamera haipati alama ya kushika.

Nimekata kadi nyeupe ya jalada, ile isiyong'aa, nikaiweka chini ya kipanya. Tofauti imeonekana papo hapo: mshale umeacha kutetemeka ninapolenga herufi ndogo. Kutetemeka huko nilikuwa nimekuzoea hata sikukuhesabu kuwa ni kasoro.

Ila kuganda kumebaki pale pale. Jioni kimeganda mara tano nikitafuta picha za harusi moja ya zamani kwenye diski.

Kumbe yalikuwa magonjwa mawili: kutetemeka, ambako ni kwa kioo na kumekwisha, na kuganda kisha kuruka, ambako sijui kunatoka wapi. Nilikuwa nayaita kwa jina moja, "kipanya kibovu", ndiyo maana kila dawa niliyojaribu ilionekana kusaidia kidogo halafu ikashindwa.

Jumatatu, 10 Machi

Nimefungua kifuniko cha betri. Kwenye springi kulikuwa na ukoko mweupe, masalia ya jiwe lililovuja. Nimesugua kwa pamba yenye maji ya ndimu, nikakausha kwa kitambaa, nikapitisha sindano kwenye pembe. Springi inang'aa. Kuganda hakujabadilika.

Jumanne, 11 Machi

Mwenye saibo, duka la intaneti la ghorofa ya juu, ameniazima kipanya chake, kampuni tofauti na yangu, na kipokezi chake. Kwake hakina tatizo, anakitumia kutwa. Nimekichomeka penye tundu lile lile la kushoto, nikafanya kazi zangu kama kawaida.

Baada ya dakika 40 kikaganda. Kile kile: kimya, kisha kuruka.

Nimefurahi kuliko ninavyoweza kueleza, maana wiki hii nilikuwa nimeshaweka pesa kando ninunue kipya. Kingekuja kuugua hapa hapa mezani. Ugonjwa hauko ndani ya kipanya, uko mahali kinapofanyia kazi.

Jumatano, 12 Machi, usiku

Nimempigia mpwa wangu anayesoma chuoni Maseno. Nilimweleza kwa haraka, wateja wako mlangoni. Yeye akaniuliza swali moja: "Shangazi, kinaganda ukiwa unafanya nini?" Nikamwambia nikiwa nafanya kazi. Akasema kazi ni neno kubwa, nimtajie ni kitu gani hasa. Sikuwa na jibu. Akaniomba nitengeneze kipimo kinachorudiwa vile vile kila mara, na nisibadilishe vitu viwili kwa pamoja.

Kipimo changu ni hiki. Nimechora kwenye skrini mstari wa mawimbi kutoka kushoto hadi kulia. Naufuata kwa mshale polepole, kwenda na kurudi, kwa dakika 3 za saa ya simu. Kila mshale ukiganda au ukiruka nje ya mstari, naweka alama kwenye karatasi. Mkono mmoja kipanya, mkono mwingine kalamu.

Ruta ikiwaka: mara 3. Ruta ikiwa imezimwa kabisa, imechomolewa ukutani: mara 2. Nikarudia: 3 na 3. Kwa hiyo ruta si mkosaji. Nilikuwa nimeishuku sana, kwa kuwa kipanya na intaneti ya hewani hutumia masafa yale yale, yanayoanzia gigahatsi 2.4, na jengo hili lina ruta nyingi kuliko milango. Bluetooth nayo inakaa humo humo, na hata tanuri za maikrowevu hupashia chakula karibu hapo hapo, kwenye 2.45. Lakini masafa hayo yamegawanywa vipande vipande, na vipanya vingi vya siku hizi hujua kuhamia kipande kingine vikikuta kimejaa.

Alhamisi, 13 Machi

Kazi nne. Kipanya kimeniruka mara nyingi, sikuweza kuhesabu. Baada ya kila kuburuta nimekuza ukurasa na kusoma majina yote kwa sauti, mwanzo hadi mwisho. Nimelala saa tisa.

Jambo moja la kuandika: stima ilipotea saa mbili usiku, nikaendelea kwa betri ya laptopu. Hapo kukazuka tabia nyingine. Nikiacha kipanya dakika chache nikiongea na mteja, nikikirudia kimelala fofofo. Nasogeza, hakuna. Nabofya mara tatu, nne, ndipo kinaamka. Stima iliporudi tabia hiyo ikaisha. Nadhani huu ni ugonjwa wa tatu, nimeuweka kando.

Jumamosi, 15 Machi

Mpwa wangu amekuja na matatu ya asubuhi. Tumefunga mlango nusu, tukaandika "Tunarudi saa nane".

Kabla ya kugusa chochote alikaa kwenye benchi ya wateja akanitazama nikifanya kazi ya kawaida. Nikafungua ukurasa, nikapanga maandishi. Sawa. Nikachomeka diski, nikafungua folda ya picha, zikaanza kujitokeza moja moja. Mshale ukaganda.

Akasema, "Rudia." Nikachomoa diski, nikapanga maandishi. Sawa. Nikachomeka, nikafungua picha. Ukaganda.

Nilihisi damu ikinipanda usoni. Asubuhi kipanya huwa kizima kwa sababu asubuhi huwa naandika wasifu. Mchana na usiku kinaugua kwa sababu ndipo ninapoingiza picha, na picha zote ziko kwenye diski. Miezi mitatu jambo hilo limekuwa mbele ya macho yangu.

Tukashika kipimo cha mstari, dakika 3 kila kimoja, tukirudia mara mbili na kuandika wastani:

Diski imechomolewa: 0.
Diski imechomekwa, imetulia: 3.
Diski inanakili folda kubwa: 41.

Tulipofika 41 nilikuwa naweka alama haraka kuliko ninavyoweza kuona mshale.

Tukahamisha kipokezi. Printa ikaondoka kulia, kipokezi kikaenda pale, diski ikabaki kushoto ikinakili: 6. Upana wa laptopu peke yake umeondoa karibu kuganda kote.

Halafu akafanya jambo ambalo sitalisahau. Diski yangu ina tundu pana lenye sehemu mbili, kama mlango wenye ubao mkubwa na ubao mdogo. Akatoa waya wake wa kuchajia simu, ule wa zamani wa micro-USB, akauingiza kwenye ile sehemu kubwa ya tundu, ile ndogo akaiacha wazi. Sikujua kwamba unaingia. Upande wa pili akauchomeka tundu la kushoto, na kipokezi akakirudisha pale pale kilipokuwa awali, bega kwa bega. Diski ile ile, tundu lile lile, folda ile ile inanakiliwa. Tukafuata mstari.

Sifuri.

Tukarudia. Sifuri.

Kunakili kulikuwa kwa polepole, folda iliyochukua dakika 2 ikachukua zaidi ya 5, lakini mshale ulipita kwenye mawimbi kama maji mferejini.

Akanieleza, nami naandika nilivyoelewa. Ulimi wa buluu ni alama ya USB 3.0, mtindo uliotangazwa mwaka 2008. Husafirisha hadi biti bilioni 5 kwa sekunde, wakati USB 2.0 mwisho wake ni milioni 480. Waya wa diski haukutengenezwa uwe antena. Lakini umeme ukipanda na kushuka mara mabilioni kwa sekunde ndani yake, waya, plagi na hata kasha la diski humwaga mawimbi nje, na sehemu ya mawimbi hayo huangukia kwenye gigahatsi 2.4 hadi 2.5, papo hapo kipokezi kinaposikilizia. Waya wa simu hauna zile nyuzi za ziada za USB 3.0, kwa hiyo diski ilirudi mwendo wa zamani na kelele zikanyamaza.

Nikamuuliza mbona kipanya hakihamii kipande kingine kama kinavyoikwepa ruta. Akanyooshea kidole paa. "Shangazi, ruta ya jirani ni mtu anayeongea chumba cha pili. Unaweza kusubiri anyamaze, au usogee. Hii ni mvua juu ya mabati. Imefunika nyumba yote, hakuna pembe ya kusogea."

Nimeishi chini ya mabati maisha yangu yote. Mvua ya Machi ikipiga, mtu aliye upande wa pili wa meza unamwona midomo inasogea tu. Kipanya changu kilikuwa kinaongea hivyo, na kipokezi kilikuwa kinaangalia midomo.

Jambo hili halikuanza nasi. Kwenye simu yake alikuwa na waraka wa Intel wa Aprili 2012 unaoeleza kelele hizi na namna zinavyovuruga vifaa vya gigahatsi 2.4, vipanya vikiwemo. Miaka 13. Wenye ujuzi wanajua, lakini boksi la kipanya changu halina neno hata moja juu yake, wala la diski. Linapaswa kuandikwa hapo, kwa herufi zinazosomeka, kwa sababu matundu mawili yaliyopakana ndipo kila mtu atachomeka vitu hivi viwili. Hakuna pengine.

Tulikula samaki na kuon, yaani ugali, kwa mama wa kibanda cha nje, akarudi Maseno na matatu ya saa kumi.

Jumatatu, 17 Machi

Dawa tuliyochagua ni kukitoa kipokezi kwenye mvua. Waya wa kurefushia USB, upande mmoja dume, upande mwingine jike, ili kipokezi kikae mezani karibu na kipanya badala ya kubanana na diski. Wimbi la gigahatsi 2.4 lina urefu wa kama sentimita 12 na nusu, na kelele hupungua haraka unavyosogea, kwa hiyo hata nusu mita ni safari ndefu.

Nimekwenda mjini, mtaa wa Oginga Odinga. Duka la kwanza waliniuzia waya wenye dume pande zote mbili, nikagundua nikiwa tayari barabarani, nikarudi wakanibadilishia bila ubishi. Mwenye kununua afungue pakiti pale pale dukani. Wa pili ni wa nusu mita, mnene kidogo, shilingi 250.

Kwa nini nisihamishe kipokezi kulia kisha basi? Kwa sababu pale bado kiliganda mara 6, na mara moja inatosha kufuta jina la mtoto. Na kwa nini nisitumie waya wa simu kwenye diski daima? Alhamisi ina familia nne zinazosubiri. Kunakili kukichukua zaidi ya mara mbili ya muda, nalipa kwa usingizi.

Kipimo, diski ikinakili kwa mwendo wake kamili kushoto, kipokezi mwishoni mwa waya, kiganja kimoja mbele ya kipanya: 0. Nimerudia mara nne. 0, 0, 0, 0.

Jumanne, 18 Machi

Leo ugonjwa wa tatu, kulala. Nimetenganisha mawili. Kipanya chenyewe hulala kikiachwa muda mrefu ili kutunza jiwe, na hicho ni kitu kizuri, huamka ukikibofya mara moja. Kinachokera ni laptopu kuzima tundu la USB lenye kipokezi. Windows hufanya hivyo kuhifadhi umeme, na ina mpango mmoja laptopu ikiwa kwenye stima na mwingine ikiwa kwenye betri. Ndiyo maana niliuona usiku ule stima ilipopotea.

Nimefungua Device Manager, nikashuka hadi orodha ya USB, nikagonga kila kitovu cha USB kilichoorodheshwa, nikaingia Power Management na kuondoa tiki inayoruhusu kompyuta kukizima. Kisha kwenye mpangilio wa nishati nimezuia USB kulazwa, upande wa betri na upande wa stima pia. Nimechomoa chaja, nimeacha kipanya dakika 15, nimekigusa. Kimeamka kwa bofyo moja.

Betri ya laptopu itaisha mapema kidogo. Nakubali.

Alhamisi, 20 Machi, saa sita usiku

Kazi tatu. Jaribio la kweli.

Kazi ya kwanza, sifuri. Ya pili, ya babu mmoja wa Seme, kurasa 12, picha 31, sifuri. Nilianza kusahau kwamba nimeshika kipanya. Ya tatu, saa nne na nusu, kikaganda. Mara moja tu, lakini moyo ulishuka tumboni.

Zamani ningekitikisa. Leo niliondoa mikono mezani nikaangalia. Waya wa diski ulikuwa umeteleza, umekuja kulala juu ya kipokezi, unakigusa. Nilikuwa nimeisogeza diski kupisha chai ya mteja. Kwa makusudi nikauacha hapo hapo nikafanya kipimo cha dakika 3 diski ikinakili: 17. Nikauondoa, nikauweka nyuma ya laptopu: 0.

Mama aliyekuwa akisubiri aliniuliza ninafanya nini na ule mstari wa mawimbi. Nikamweleza kwa ufupi, na nikamweleza pia habari ya jina la mtoto. Akanyamaza, kisha akasema, "Nyathina (mwanangu), basi maliza hilo kwanza. Sisi tutangoja." Alingoja. Tulimaliza saa tano na dakika 20.

Ijumaa, 21 Machi

Nimeipa diski makao: kipande cha mbao nilichogongomea ukutani nyuma ya laptopu, na waya wake nimeubana kwa klipu mbili usiweze kufika mezani. Kipokezi nimekigandisha kwa gundi ya pande mbili kwenye ukingo wa ile kadi nyeupe. Kadi nimeibadilisha, ya kwanza imeshachakaa.

Nimepanda ghorofani kurudisha kipanya cha jirani, nikamweleza kuhusu tundu la buluu. Akaniambia kibodi yake isiyo na waya huwa inakula herufi anaponakili sinema kwenye diski za wateja. Tumesogeza kipokezi chake kwa waya wangu, tukaangalia pamoja. Herufi zimerudi zote. Kesho anaenda kujinunulia wake.

Alhamisi, 27 Machi, saa tano usiku

Kazi nne, mvua imenyesha tangu saa moja, mabati yanavuma hata simu sisikii. Kuganda: 0. Stima imepotea mara moja, kipanya hakikulala.

Kazi ya mwisho ina orodha ya watoto tisa na wajukuu 26. Nimeburuta picha ya familia diski ikiwa inanakili, ikatua nilipotaka, milimita 4 chini ya jina la mwisho. Nimekuza ukurasa, nimesoma majina yote 35 kwa sauti, nimetuma kwa printa. Nakala ya kwanza imetoka, bado ina joto, nimeikunja, nimefungua ukurasa wa tatu na kuteremka na kidole hadi chini.